Kizazi Hakifungwi kwa Kamba



Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba mizigo mingi. Tunafunga mlango, tunafunga safari, tunafunga saumu, tunafunga robota la tumbaku kabla ya kulipeleka sokoni. Na tunafunga kizazi. Katika matumizi mengi ya kitenzi hicho, mwenye lugha anajua kwamba kilichofungwa kina siku yake ya kufunguliwa: mlango una ufunguo, saumu ina futari, robota lina fundo. Hata ndoa, nayo hufungwa, na ikishindikana ina talaka. Kwa hiyo mwanamke anapoambiwa na muuguzi kwamba atafungwa kizazi, lugha yenyewe humnong'oneza kwamba iko siku atafunguliwa. Muuguzi hajasema uongo, ametumia neno tunalolitumia sote. Lakini kinachofanyika mezani mara nyingi si kufunga tu. Ni kukata.

Nimelazimika kulitafakari neno hili kwa sababu ya mdogo wangu, binti wa mama yangu mdogo, anayeishi na kulima wilayani Kaliua, mkoani Tabora. Ameniruhusu kuandika habari yake kwa sharti kwamba jina lake lisionekane. Alifungwa kizazi akiwa na miaka ishirini na saba, baada ya uzazi wa nne uliomwaga damu hadi ndugu wakaanza kuulizana nani atapiga simu kwa nani. Aliyekuwa mume wake aliridhia. Yeye mwenyewe aliridhia, na hajawahi kuniambia kwamba alilazimishwa. Kisha maisha yakaenda yanakotaka. Mtoto mmoja alifariki kwa malaria. Ndoa ikavunjika, na watoto waliobaki wakachukuliwa na upande wa baba. Leo ana miaka thelathini na minne na ameolewa na mwanamume ambaye hajapata mtoto.

Alinipigia simu na kuniuliza, "Kaka, wewe ni daktari. Kufunguliwa ni shilingi ngapi?"

Nyumbani kwetu mwenye shahada ya uzamivu ni daktari, na nimekwisha kata tamaa ya kueleza kwamba udaktari wangu hautibu hata kichwa kinachouma. Lakini kilichonikaa moyoni ni namna alivyouliza. Hakuuliza kama inawezekana. Aliuliza bei. Kwa miaka saba aliishi akiamini kwamba ndani ya mwili wake kuna fundo, na kwamba anayetaka lifunguliwe anahitaji fedha tu. Alikuwa tayari kuuza ng'ombe wawili.

Nilimwendea mwenzangu anayefundisha upasuaji wa uzazi, nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwanza, kizazi chenyewe hakiguswi. Kinachoshughulikiwa ni mirija miwili inayopitisha yai kutoka kwenye ovari hadi kwenye mji wa mimba. Kila mmoja una urefu wa sentimita kumi hivi, na tundu lake katika sehemu nyingine halizidi unene wa uzi. Kwa njia iliyozoeleka katika hospitali zetu, daktari hupasua sehemu ndogo ya tumbo, mara nyingi kwa ganzi tu, akavuta mrija, akafunga kitanzi cha uzi na kukata kipande kilicho juu ya kitanzi. Uzi huyeyuka baadaye, na ncha mbili za mrija hupona zikiwa zimeachana. Ziko njia nyingine pia: kubana kwa klipu au pete, kuunguza kwa umeme, au kuondoa mrija wote.

Kurudisha njia hiyo ni kazi ya aina tofauti kabisa. Daktari hufungua tumbo, huondoa makovu, kisha huunganisha ncha mbili kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, akitazama kwa hadubini. Ujuzi huo ulipata nguvu duniani katika miaka ya 1970, kwa kazi za madaktari kama Robert Winston wa London na Victor Gomel wa Kanada. Matokeo yake si mabaya kwa anayefaa: katika vituo vyenye wataalamu, kati ya nusu na robo tatu hivi ya wanawake waliochaguliwa vizuri hupata mimba. Lakini maneno "waliochaguliwa vizuri" yamebeba uzito wote. Umri unahesabiwa, na matumaini hupungua sana karibu na miaka arobaini. Njia iliyotumika kufunga inahesabiwa: klipu na pete huacha mrija mwingi, kuunguza huacha kidogo, na aliyeondolewa mirija yote hana cha kuunganishwa. Mrija uliobaki unapaswa kuwa na urefu wa kutosha, walau sentimita nne. Na kabla ya yote, mume apimwe mbegu, kwa kuwa ni upuuzi kumpasua mwanamke kutafuta mimba ambayo pengine inazuiwa na jambo lililo kwa mwanamume.

Kisha mwenzangu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Mrija uliounganishwa una kovu, na kovu linaweza kulikamata yai lililorutubishwa kabla halijafika linakokwenda. Ndiyo mimba nje ya kizazi. Kwa wanawake waliounganishwa mirija, hatari hiyo ni kubwa zaidi kuliko kwa wengine. Mrija ukipasuka, damu humwagika tumboni bila kuonekana, na saa chache zinatosha kumwondoa mtu duniani. Kwa hiyo aliyeunganishwa, mara tu anapokosa siku zake, anatakiwa apigwe picha ya utrasaundi mapema, na akae karibu na chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa.

Hapo ndipo jiografia inapoingia. Kaliua ipo kwenye njia ya kale ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kuelekea Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea kwa miezi mitatu hivi kutoka pwani hadi Tabora. Reli ya kati ikaja: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baadaye tawi la Mpanda likaanzia hapohapo Kaliua. Kwa treni Tabora ni kilomita 840 kutoka Dar es Salaam, na Kaliua ipo mbele zaidi, magharibi. Huduma ya kufunga iliweza kuifuata njia hiyo hadi kwa wananchi, kwa kuwa inahitaji ganzi, vifaa vichache na timu inayoweza kusafiri kwa gari. Anayetaka kuunganishwa anasafiri yeye, akirudi kule wapagazi walikopeleka pembe. Na akishapata mimba anarudi kuilea Kaliua, kijijini, ambako pikipiki ndiyo gari la wagonjwa. Upasuaji wa Dar es Salaam unaweza kuzaa dharura ya Kaliua, na dharura haisubiri treni.

Niseme wazi kabla sijaeleweka vibaya: sipingi kufunga kizazi. Huenda upasuaji ule ndio uliomfanya mdogo wangu awe hai hadi leo. Nchi yetu imekuwa na huduma za uzazi wa mpango tangu UMATI ilipoanzishwa mwaka 1959, na wapo wanawake wengi waliopumzika kwa sababu hiyo. Wengi waliofungwa hawajuti. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka kumi na minne uligundua kwamba, miongoni mwa waliofungwa wakiwa na zaidi ya miaka thelathini, waliojuta walikuwa kama 6 kwa kila 100. Lakini miongoni mwa waliofungwa wakiwa na miaka thelathini au chini yake, waliojuta walikuwa kama 20 kwa kila 100. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ambao haumnyimi kijana huduma hii, unataka ashauriwe kwa uangalifu wa pekee. Msichana wa miaka ishirini na saba bado ana maisha mengi mbele yake, na ndani ya maisha hayo kuna vifo, talaka na ndoa mpya.

Sasa tuwatazame wanaozungumza juu yake. Upande mmoja wapo wanaohesabu idadi ya waliofikiwa na huduma, na kwenye taarifa zao kila aliyefungwa ni ushindi. Upande mwingine wapo wanaohesabu nguvu kazi ya taifa. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi waachane na uzazi wa mpango, na mwezi huohuo Wizara ya Afya ikasitisha matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakirushwa chini ya mradi uliofadhiliwa na Marekani. Mkulima wa Kaliua aliyekuwa ameshakatwa mirija hakuwa na nafasi kwenye hoja ya upande wowote. Wa kwanza hawakumweleza vya kutosha. Wa pili walimwambia azae, bila kumwonyesha hospitali ya kumrudishia uwezo huo.

Mahakama za Afrika zimekwisha tuambia kwamba saini peke yake si ridhaa. Nchini Namibia, wanawake watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walifungwa kizazi baada ya kusaini fomu wakati wa uchungu wa kuzaa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba hawakuwa wameridhia kwa maana halisi. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwa upande wa wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliofungwa bila ridhaa ya kweli. Habari ya mdogo wangu si ya aina hiyo, na singependa ifananishwe nayo. Lakini swali la msingi ni lilelile: aliyesaini alielewa nini?

Na upo mfano wa serikali iliyojibu upande wa pili wa swali. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, katika jimbo la Tamil Nadu nchini India walikuwapo wanawake waliofiwa na watoto wao ilhali walikwisha fungwa kizazi. Serikali ya jimbo iliamua kuwagharimia upasuaji wa kuunganishwa mirija. Haikuwaahidi watoto. Ilikiri tu kwamba iliyohimiza kufunga ina deni kwa aliyebadilikiwa na maisha.

Nilimpa mdogo wangu majibu yote niliyopewa, bila kupunguza wala kuongeza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe walikata." Nikamwambia ng'ombe wasiuzwe kwanza, atafute karatasi ya upasuaji ijulikane ilitumika njia gani, na mume apimwe. Karatasi bado haijapatikana. Mume anasema mwanamume hapimwi, na ndugu zake wameanza kutaja mke wa pili. Kipimo kilicho rahisi kuliko vyote, kisichohitaji kisu wala hadubini, ndicho kilichokwamisha safari nzima.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ninayo maombi matatu. Kwanza, fomu na maelezo ya ushauri yaseme "mirija yako itakatwa, na usitegemee kurudishiwa", na yasemwe kwa lugha ambayo mwanamke anaielewa. Kaliua kuna Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, na watu waliofika Ulyankulu kuanzia mwaka 1972 wakikimbia mauaji ya Burundi. Kiswahili cha ofisini hakitoshi kwao wote. Pili, kila aliyefungwa apewe kadi inayoonyesha tarehe na njia iliyotumika, kama tunavyopewa kadi ya chanjo. Tatu, hospitali za rufaa za kanda ziwe na kliniki inayojulikana ambako mwanamke na mume wake watapimwa wote wawili na kuambiwa ukweli, hata kama ukweli huo ni kwamba haiwezekani.

Kwenu wanafunzi na wanaharakati, kazi ni nyepesi zaidi na mnaweza kuianza wiki hii. Nendeni katika kituo cha afya kilicho karibu nanyi, ombeni kuona fomu ya ridhaa ya kufunga kizazi, kisha muulizeni mama yeyote aliyepo kwenye benchi anaelewa nini akisikia neno hilo. Andikeni jibu lake kama alivyolisema.