Farasi Wasiotumika

Kampuni ya Rolls-Royce ilikuwa na desturi moja ninayoipenda kuliko hata magari yake. Kwa miaka mingi, mnunuzi aliyetaka kujua injini ya gari lake ina nguvu kiasi gani hakutajiwa tarakimu. Aliambiwa zinatosha. Walikuwapo walioyaona hayo kuwa majivuno ya matajiri. Mimi kila nikilisoma upya jibu lile naliona ni la kweli tupu, na kadiri umri unavyosogea ndivyo linavyonigusa zaidi.

Chukua gari lililowapa sifa, Silver Ghost ya mwaka 1907. Ilikuwa na silinda sita na ujazo wa lita 7 na ushee, lakini nguvu zake zilikuwa farasi 48 tu. Fundi wa leo akisikia lita 7 zinatoa farasi 48 atadhani injini imechoka, inataka kushushwa. Haikuchoka. Ilikuwa haiombwi kitu. Ilizunguka polepole, kama mizunguko 1,200 kwa dakika, na sehemu kubwa ya uwezo wa chuma kile ilikaa ndani bila kuguswa. Mwaka huohuo lilipelekwa kwenye jaribio refu katika barabara za Uingereza, likienda na kurudi kati ya London na Glasgow. Mwanzoni mtikisiko wa barabara uliifunga koki ya petroli, injini ikazima. Baada ya hapo lilikwenda maili 14,371, zaidi ya kilomita 23,000, bila hitilafu ya kulisimamisha. Wakaguzi wakalifungua kipande kwa kipande, wakakadiria gharama ya kulirudisha katika upya wake: pauni 2 na shilingi chache. Mwaka 1911 gari jingine la aina hiyo lilitoka London hadi Edinburgh na kurudi likiwa kwenye gia moja tu, ile ya juu kabisa.

Mtu aliyelipa fedha nyingi kwa gari lile alikuwa ananunua, kwa sehemu kubwa, farasi ambao siku nyingi hatawaita. Kilima kikitokea, wapo. Kisipotokea, gari linakwenda kimya.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa injini za boti Mwanza, na sidhani kama aliwahi kuiona Rolls-Royce. Lakini wavuvi wakimletea injini iliyonoki, swali lake la kwanza halikuwa la oili. Alitaka kujua nahodha anakanyaga mafuta kiasi gani anaporudi na mzigo. Aliamini kuwa injini ya farasi 40 inayotumika kama ya farasi 25 itamzika mwenye nayo, na inayotumika kama ya 40 kila siku itazikwa naye mapema. Nilipokuwa kijana niliyachukua maneno hayo kuwa ya ufundi tu.

Kinachonishangaza katika historia ya Rolls-Royce ni kwamba kampuni hiyohiyo, chini ya mzee yuleyule aliyeianzisha, Henry Royce, ndiyo iliyotengeneza mojawapo ya injini zilizokamuliwa kupita zote za zama zake. Waliiita R. Ilizaliwa mwaka 1929 kwa ajili ya ndege za majini zilizowania Kombe la Schneider. Silinda 12, ujazo wa lita 36.7, na mtambo wa kuisukumia hewa kwa nguvu. Kufikia mwaka 1931 ilikuwa ikitoa farasi 2,350. Ukigawanya, lita moja ya Silver Ghost ilitoa farasi wasiofika 7. Lita moja ya R ilitoa zaidi ya 60. Valvu zake zilitiwa sodiamu ndani ili zisiungue, na mafuta yake yalichanganywa maalumu. Lengo la mafundi wa kiwanda chao cha mji wa Derby mwaka ule wa 1931 lilikuwa injini istahimili nguvu zote kwa muda wa saa moja. Saa moja! Injini kadhaa zilivunjika katika majaribio kabla ya kuipata saa hiyo, na wakazi wa mji walivumilia ngurumo zake muda wote huo. Sisemi hivyo kwa kubeza. Wale walikuwa mafundi hodari kupindukia, na walijua vizuri wanachokitoa na wanachokipata.

Injini za namna hiyo mbili, toleo la mwanzo, kila moja ikikaribia farasi 2,000, zilifungwa ndani ya boti moja: Miss England II. Mfadhili wake alikuwa Lord Wakefield, tajiri wa mafuta ya kulainisha mitambo. Mwendeshaji alikuwa Sir Henry Segrave, rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambaye Machi 1929 alikimbiza gari kwenye mchanga wa Daytona kwa maili 231 kwa saa. Tarehe 13 Juni 1930, katika ziwa Windermere kaskazini mwa Uingereza, alipita mara mbili, kwenda na kurudi, akapata wastani wa maili 98.76 kwa saa, takriban kilomita 159. Hadi siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kwenda kasi hiyo kwa boti. Rekodi ilikuwa mkononi. Akageuza boti kwa mpito wa tatu.

Boti ilipinduka katika kasi kubwa. Inaaminiwa kuwa iligonga gogo au tawi lililokuwa likielea. Segrave alitolewa majini akiwa hai, akafariki baada ya saa chache. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Habari hii husimuliwa kama habari ya Segrave, na ni haki yake. Lakini mimi nimekwama kwa mtu mwingine. Katika gari la Daytona Segrave alikaa peke yake. Katika Miss England II haikuwezekana, kwa kuwa injini mbili za kiwango kile zilihitaji watu wa kuziangalia papo hapo, boti ikiwa inakimbia. Kwa hiyo pamoja naye walikuwapo fundi Michael Willcocks, aliyenusurika, na mhandisi wa Rolls-Royce aitwaye Victor Halliwell. Halliwell alikufa palepale ziwani. Hakushika usukani, wala si yeye aliyeamua juu ya mpito wa tatu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba nguvu zote zilizoombwa zinapatikana, na zilipatikana.

Nguvu ya kiwango kile, ndani ya boti ile, haikuendeshwa na mtu mmoja. Hilo ndilo lililonifanya nianze kuwatazama watu ninaoishi nao mjini, nami nikiwamo. Tumejaa. Ukimwuliza mtu habari zake anakujibu amebanwa, na anakujibu kwa fahari kidogo. Ana ajira, ana biashara ya pembeni, ana masomo ya jioni, yuko kwenye vikundi viwili vya kuweka na kukopa, na simu haizimwi. Tunamsifu kwamba anapambana, na kweli anapambana. Gharama za maisha hazimwachii mtu nafasi ya kukaa. Lakini ukichungulia nyuma ya usukani utawakuta waliokaa na injini. Yupo dada wa kazi anayeamka saa kumi usiku ili ratiba ya bosi isivurugike, na yupo mtoto aliyejifunza kutomsemesha baba anapoingia. Yupo bodaboda anayehimizwa apite katikati ya magari kwa sababu abiria alipanga mambo matatu ndani ya saa moja. Katika ukoo wetu alikuwapo mdogo wangu wa kike, aliyebaki nyumbani na mama miaka yote ambayo sisi wengine tulikuwa tunakimbia. Hao hawakuulizwa kuhusu mpito wa tatu.

Miss England II haikuishia Windermere. Ilitolewa majini, ikatengenezwa, ikakabidhiwa kwa Kaye Don, na Septemba 1931 ikapelekwa Detroit kuwania Kombe la Harmsworth la mbio za boti. Mwenye kombe alikuwa Garfield Wood, ambaye Wamarekani walimwita Gar Wood. Huyu nampenda kwa sababu utajiri wake ulitokana na chombo ambacho kila anayejenga nyumba huku kwetu anakijua: alibuni mtambo wa haidroliki wa kuinua bodi ya lori, ule unaoifanya tipa imwage mchanga bila watu wa makoleo. Fedha za tipa ndizo zilizonunua boti za Miss America, baadhi yake zikisukumwa na injini za Packard, kampuni ya Detroit iliyowatengenezea matajiri wa Marekani magari ya fahari. Kwa hiyo siku zile majina mawili makubwa ya magari ya kifahari, moja la Uingereza na jingine la Marekani, yalikutana kwenye mto Detroit.

Mkondo wa kwanza Don alishinda. Katika wa pili, Gar Wood alivuka mstari wa kuanzia kabla ya wakati, na Don, asitake kuachwa, akamfuata. Wote wawili wakaondolewa mashindanoni. Kwenye kona Miss England II ikapinduka; safari hii watu wake wakaokolewa wote. Nyuma yao alikuwapo George Wood, nduguye Gar, katika Miss America VIII, boti ya zamani zaidi na yenye kasi ndogo. Alimaliza mkondo wake, na kombe likabaki Marekani. Watu wamebishana kwa miaka mingi kama Gar Wood alivuka mapema kwa hila au kwa kukosea. Ubishi huo nawaachia wao. Mimi namtazama Don, aliyekuwa na boti nzuri zaidi na ushindi mmoja tayari, akishindwa kuvumilia kumwona mtu mwingine mbele yake kwa sekunde chache.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba nguvu zote ni ubaya. Mambo yaliyojifunzwa katika zile injini za R, kuhusu joto, valvu na kusukuma hewa, yaliingia katika injini ya Merlin iliyorusha ndege za Spitfire na Hurricane mwaka 1940, wakati Uingereza ilipokuwa ikishambuliwa kutoka angani. Waingereza walipohitaji Merlin nyingi kuliko viwanda vyao vilivyoweza kutoa, ni Packard, yule mpinzani wa Detroit, aliyepewa michoro, akatengeneza zaidi ya 55,000. Ipo saa ambayo mtu akijibakiza anakosea. Naamini hivyo kwa moyo wote. Ninachokataa ni kuifanya kila Jumanne kuwa saa hiyo, halafu saa yenyewe ikigonga mlango unakuta ndani hamna kitu.

Kwetu iligonga mwaka juzi, mama alipopatwa na kiharusi. Mdogo wangu alinipigia alfajiri, na kwa sauti tu nilijua kwamba yeye amekwisha. Miaka ya kuamka usiku peke yake ilikuwa imemla. Nilikuwa nimeanza, muda mfupi kabla ya hapo, kuacha nafasi tupu katika juma langu. Wenzangu walinishangaa, maana nafasi hizo hazikuwa na kazi yoyote. Nikachukua basi la asubuhi. Nilikaa na mama wodini, nikajifunza kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko bila kumpalia, kubishana na wauguzi kwa adabu, na mdogo wangu akaenda kwa shangazi Bukoba akapumzike. Zilikuwa wiki za nguvu zote, mchana na usiku, na nilikuwa nazo. Kazi mbili zilizokuwa mezani nilizirudisha kwa wenyewe. Mmoja alielewa, akanitumia na hela ya matunda ya mgonjwa. Wa pili alikasirika, akampa mtu mwingine, na mpaka leo hajanipigia tena.