Hesabu Zilizorudi Mtaani

Nilipochaguliwa barazani kuwa mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Kongowea, Mombasa, mwaka 2011, kitu cha kwanza nilichopewa ni daftari. Serikali ya Kenya ilikuwa imeanzisha Mkakati wa Afya ya Jamii tangu 2006, nasi ndio tuliokuwa miguu yake. Nilipita vichochoro vya nyuma ya soko hadi Maweni nikiuliza: mtoto amechanjwa? Choo kipo? Nani ana mimba, na aliyejifungua alijifungulia wapi? Mwisho wa mwezi nilipeleka karatasi kituoni, nazo zikapelekwa juu. Hazikurudi.

Shangazi mmoja muuza vitunguu aliliona hilo kabla yangu. Nilipobisha kwake mara ya tatu, alinitazama akasema, "Mwanangu, kila mara waja kuandika. Hayo uandikayo yenda wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na neno lile lilinikaa rohoni.

Jibu lilikuwemo ndani ya mkakati wenyewe, ila sisi hatukuwa tumelitekeleza. Kila miezi mitatu ilipasa kuwe na siku ya mazungumzo: hesabu za mtaa ziandikwe ubaoni, zisomwe mbele ya wenye mtaa, nao waamue la kufanya. Mapema mwaka 2013 tuliuegemeza ubao kwenye mwembe, na afisa wetu akachora mistari ya chaki, mmoja kwa kila mama. Safu ya waliomaliza kliniki nne za ujauzito ilijaa. Safu ya waliojifungulia kituoni ilikuwa fupi mno. Watu wakanyamaza.

Sisi wahudumu tulikuja na sababu zetu mfukoni: umaskini, mila, wakunga. Shangazi wa vitunguu akasimama. Alisema uchungu huwashika wengi usiku, na usiku huko vichochoroni gari hupati; mwenye tuktuk asiyekujua hathubutu kuingia. Akina mama wakaitikia. Papo hapo madereva watatu wakaitwa kutoka stejini, na nambari zao za simu zikaandikwa nyuma ya kadi ya kliniki ya kila mjamzito. Mkunga mmoja mkongwe akaahidi kuwasindikiza wazazi kituoni badala ya kuwazalisha nyumbani.

Safu ile ilianza kurefuka. Juni mwaka huohuo serikali ikaondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, nayo safu ikazidi kurefuka. Sasa ni lipi lililosaidia? Tuliwauliza wenyewe, mmoja mmoja. Kuondolewa malipo kuliwatoa hofu ya deni, walisema; nambari ya dereva iliwatoa hofu ya usiku. Hakuna aliyetaka kuchagua moja. Nchini kote, akina mama waliozalishwa na wahudumu wenye ujuzi walipanda kutoka asilimia 44 mwaka 2008-09 hadi 62 mwaka 2014, kisha 89 mwaka 2022. Kila nikisoma hesabu hizo naiona mistari yetu ya chaki.

Daftari langu limepumzika. Septemba 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa, posho, na simu za kuandikia. Nilifurahi sana, kwani sisi tulitembea miaka na miaka bila malipo ya kueleweka. Lakini simu hupeleka hesabu juu kwa kufumba na kufumbua, na hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Nilimwomba binti aliyerithi nyumba nilizokuwa nikizitembelea azinakili hesabu zake pia ubaoni, azisome mbele ya watu. Alikubali.

Siku aliyousimamisha ubao, shangazi wa vitunguu alifika kwa mkongojo. Alipitisha kidole juu ya safu ya waliojifungulia kituoni, polepole, mstari kwa mstari, hadi wa mwisho.

"Huyu," akasema, "ni mjukuu wangu."