Shangazi, hizo si nepi za mtoto

Ndugu zangu, nimechoka na simu. Tangu Jumapili nimepigiwa na watu wanne kutoka Muheza na wawili kutoka Dar, wote wananipongeza kwa kupata mtoto. Mama mdogo ameshaniuliza nimempa jina gani. Jamani, sijazaa!

Kisa chenyewe ni hiki. Jumapili nilikuwa naongea na shangazi kwa video ya WhatsApp, nikasahau kwamba nyuma yangu kuna kamba niliyofunga kutoka mlango wa bafu hadi kwenye kabati, na imeanikwa vitambaa sita vyeupe. Shangazi hakusema kitu. Aliangalia tu, kisha akauliza, "Uko peke yako hapo?" Nikamjibu niko na Peanut. Kumbe mwenzangu ameshapiga hesabu, na kabla jua halijazama Muheza nzima inajua nimezaa mtoto anaitwa Pinati.

Shangazi, Peanut ni mbwa. Jina lake ni karanga tu kwa Kiingereza. Na vile vitambaa ni vyake, vya kukojolea.

Najua sasa swali limegeuka, mnataka kujua kama mbwa anavaa nepi. Havai, anatandikiwa. Naomba niwaeleze yote mara moja ili nisirudie kwa kila simu.

Mwaka 2019 nilipokuwa Dallas nilikuwa namhudumia bibi mmoja wa Kizungu nyumbani kwake, upande wa Garland. Kusahau kulipozidi, wanawe wakamhamishia nyumba ya wazee, na huko mbwa hawapokelewi. Peanut alikuwa na miaka 9, mdogo kama paka, kibofu kimeshalegea. Mbwa mzee wa namna hiyo akipelekwa kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe, nani atamchagua? Bibi aliniangalia, akanipa kamba ya mbwa mkononi kama mtu anayekupa ufunguo wa nyumba. Nikaondoka naye. Sikuwahi kufuga mbwa ndani maishani mwangu. Kwetu Simba alilala nje, akakojoa kwenye mwembe, na hakuna aliyewahi kumfikiria.

Hapa hakuna mwembe. Nilikaa ghorofa ya tatu Vickery Meadow, mtaa wa Dallas wenye wakimbizi wengi, Wakongo wakiwamo, kwa hiyo Kiswahili utakisikia hadi kwenye ngazi. Zamu zangu saa 12. Na joto la Texas msilichezee: mwaka 2011 kule Dallas-Fort Worth walihesabu siku 71 zilizofika au kupita nyuzi 100 za Farenihaiti, yaani karibu 38 za Selsiasi. Lami ya saa tisa mchana inamchoma mbwa nyayo. Basi mbwa mzee wa ghorofani atakojoa ndani, upende usipende, na zulia likiingia mkojo siku ya kuhama unasahau dipoziti yako.

Wenyeji wananunua pedi za kutupa. Chukueni pampasi ya mtoto, ikunjueni, itandikeni sakafuni, ndiyo hiyo hiyo: pamba ya karatasi, chembechembe zinazogeuza mkojo kuwa kama uji mzito, na nailoni chini. Peanut alikojoa mara nne kwa siku, kwa hiyo boksi la vipande 100 lilikuwa la siku 25. Pamoja na kodi nilikuwa natoa karibu dola 30 kwa mwezi. Siku moja nikafanya kosa la kuzidisha kwa miezi 12 na kubadili kuwa shilingi. Zaidi ya laki nane! Na wakati huo jiko la mama lilikuwa la makuti, linavuja hadi anapika ameshika mwavuli. Sikumwambia mama hesabu hiyo. Leo anaisoma hapa, mama nisamehe.

Basi nikaanza kuhangaika. Magazeti kwanza, yale ya Kihispania ya bure mlangoni pa supamaketi. Bei yake nzuri, lakini hayanywi, mkojo unapita moja kwa moja hadi sakafuni, na wino unabaki kwenye miguu ya mbwa, halafu kwenye kochi.

Kisha nikasikia watu wanatumia nyasi. Nikaenda Home Depot nikanunua kipande cha nyasi chenye udongo wake, nikakiweka kwenye trei roshani. Sasa cheka: kati ya nyasi wanazouza kule kwa pesa zao kuna moja wanaiita Bermuda, na ni ukoka! Ukoka huu huu tunaowakatia mbuzi. Peanut aliupenda sana. Wiki ya pili jua likaukausha ukawa kama mkeka wa zamani, nami nilikuwa naumwagilia kuuokoa, maji yakashuka kwa jirani wa chini aliyekuwa anakunywa kahawa yake. Niishie hapo.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Uvira tuliyekuwa tunakutana jalalani. Aliniona natupa mfuko wa pedi, akasema, "Weye dada, unatupa franga juu ya mukojo ya imbwa?" Yeye ana watoto watano, amewalea wote kwa vitambaa. Akanifundisha kukata taulo kuukuu za dukani kwa mitumba (ndiyo, Marekani kuna mitumba, na ni mizuri), tabaka tatu, na chini kushonea pazia la nailoni la bafuni la dola moja. Tulishona kwa mkono jioni mbili. Zile taulo zilinishtua, si kwa ugeni, ila kwa sababu nilikuwa nazijua. Mama alitulea kwa nepi za kitambaa na mpira chini ya shuka. Nami nimesafiri bara mbili kuja kufundishwa na Mkongo jalalani.

Kasoro yake ni kwamba taulo haimnyonyi mkojo kwa haraka, mbwa anakanyaga maji. Ndipo akili ikanirudia. Kazini, kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa nafanya zamu, tunawatandikia wagonjwa kitandani vitambaa maalumu vya kufua: juu pamba, katikati kinywaji mkojo kinene, chini haipenyezi. Ni vilevile wanavyouza kwenye maduka ya wanyama kwa bei ya juu, vimewekewa tu picha ya mbwa! Nikaagiza vya binadamu, vinne vikubwa kwa takriban dola 35. (Sikuiba kazini, msianze.) Viwili kati ya hivyo bado ninavyo, baadaye nikaongeza vingine vinne. Vile vinne vya kwanza havikufika hata pesa ya miezi miwili ya pedi.

Lakini havifuliwi vyenyewe. Mashine za apatimenti zilikuwa na tangazo ukutani: vitu vya wanyama marufuku. Nikarudi kwenye ndoo. Kwanza maji baridi kutoa mkojo, halafu loweka na siki, halafu sabuni, suuza mara mbili. Dawa ya kulainisha nguo usitie, inaziba kitambaa hakinywi tena. Na jiki msithubutu kuchanganya na siki wala na mkojo, moshi wake ni sumu. Dakika 20 kila siku, baada ya saa 12 za kazi. Wakati mwingine nilikuwa nafua nikilia, si kwa ajili ya mbwa, kwa uchovu tu.

Sasa nimtaje dada wa Mombasa niliyekuwa nakaa naye. Mwislamu wa kuswali vipindi vyote vitano. Nilipoleta mbwa nilijua nimemkosea, nilimwambia akitaka nitahama. Kwa madhehebu yao ya Kishafii mbwa ni najisi, palipoguswa na umajimaji wake panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Akafikiri siku nzima, kisha akaweka masharti: mbwa asivuke jikoni, ndoo yake iwe mbali na bafu, na awe mkavu. "Kavu kwa kavu hakuna neno," alisema. Ndiyo maana nilipomlaumu Peanut kwa kukanyaga mkojo, haikuwa usafi tu. Ilikuwa ni nyumba ya mtu.

Na hapo ndipo Februari 2021 ilipotukuta. Mnakumbuka niliwaandikia kwamba hatuna umeme. Ulikatika Jumatatu alfajiri, tarehe 15, na kesho yake kipimo cha uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth kilishuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri ya Farenihaiti, karibu 19 chini ya sifuri kwetu. Texas ina gridi yake ya umeme, nyingi ya mikondo yake haijaungana na majimbo mengine, msaada hauingii kirahisi. Kwetu giza lilikaa karibu siku tatu. Bomba la jengo likapasuka, maji nayo yakaenda. Vitambaa vyangu vyote vizuri vikawa takataka, maana kitambaa cha kufua bila maji ni tambara lenye mkojo tu. Vile viwili vilivyokuwa roshani viliganda vikawa vigumu kama bati.

Kilichotuokoa kilikuwa gunia nililonunua miezi kadhaa nyuma na kulisahau kabatini. Tractor Supply, duka la wafugaji, wanauza vipande vidogo vya vumbi la mbao za msonobari vilivyobanwa, vya kutandika chini ya farasi. Gunia la ratili 40, yaani kilo 18, halikufika dola kumi. Vikipata mkojo vinafumuka kuwa unga wa mbao, unachota ule uliolowa unatupa, ulio mkavu unabaki. Hakuna kufua. Peanut alikuwa amevikataa mwanzo, mara akataka kuvila (ukimwacha avile vitamvimbia tumboni). Ila nilipoweka juu yake kipande cha kitambaa chenye harufu yake, alielewa. Miguu ikabaki mikavu.

Usiku wa Jumanne tulikuwa chumba kimoja, mimi na dada, nguo zote tulizo nazo mwilini, mishumaa miwili. Peanut jikoni anatetemeka hadi meno yanasikika. Sikusema kitu, sikuwa na haki ya kusema. Dada akamaliza swala yake, akakunja mswala, akauweka juu ya kabati. Akaniuliza, "Mkavu?" Nikasema mkavu. "Basi mlete, atakufa na baridi." Tukalala watatu. Usiku wa manane Peanut akamlamba mkono. Nilishtuka, nikaanza kuomba radhi, naye akasema huku amefumba macho, "Mara saba, moja kwa udongo. Udongo wa Texas hauishi. Lala." Maji yaliporudi aliosha mkono wake, mara saba nilihesabu, na hakuwahi kulisema tena.

Mwaka 2022 yeye alikwenda kuolewa Minnesota na mimi nikashuka Houston kwa kazi, saa nne kwa gari kwenye barabara ya I-45. Houston ni Tanga bila bahari kuonekana: jasho, ukungu ukutani, mbu. Vitambaa vilivyokauka Dallas kwa saa tatu hapa vinamaliza siku nzima na kutoa harufu ya uvundo. Nyumba yangu inakataza kuanika roshani, eti jengo linaonekana baya. Ndiyo sababu ya ile kamba ya ndani, shangazi, na feni inayopuliza usiku kucha. Mashine ya kukausha inatumika ikiwa moto mdogo tu, ukizidisha ule mpira wa chini unapasuka.

Kimbunga Beryl kilipopita hapa tarehe 8 Julai 2024, wateja zaidi ya milioni mbili walikosa umeme, sisi siku tano, katika joto lile. Safari hii maji yalikuwepo, jua lilikuwepo, na gunia la msonobari lilikuwa kabatini. Jambo lililonifurahisha ni kwamba asubuhi ya siku ya pili kila roshani ya jengo letu ilikuwa na kamba ya nguo. Mashuka, suruali, nepi za kweli za watoto. Meneja akapita chini, akaangalia juu, akaendelea na safari yake. Vitambaa vya Peanut vilikauka kwa saa moja, vikanukia jua kama nguo za nyumbani. Umeme uliporudi, kamba zikatoweka siku ileile.

Peanut sasa ana umri wa mzee kabisa, jicho moja halioni. Yule bibi wa Garland alifariki, sikuweza kwenda kumzika. Jiko la mama liliezekwa bati mwaka 2020. Siwezi kusema lote ni pesa ya pedi, kaka naye alichangia sana, lakini bati za upande wa mashariki ni za Peanut na mama anajua.

Kwa hiyo mama mdogo, zile nguo za mtoto ulizoanza kununua, tafadhali zirudishe dukani. Shangazi, nikizaa nitakupigia wewe wa kwanza, kwa simu ya kawaida, bila video. Nakimbilia zamu ya usiku, na kuna vitambaa viwili kwenye ndoo vinanisubiri.