Si Lazima Ujue Yote Ndio Ushike Maiki

Wasee, mnadhani wanaoongea kwenye makongamano ya programu hulipwa? Wapi! PyCon ya Marekani, kwa miaka mingi, hata msemaji alinunua tiketi. Ni shughuli ya jamii, kila mtu alichangia.

Mara yangu ya kwanza kushika maiki, hapa Nairobi, programu yangu ya Python iligoma mbele ya watu. Jasho! Dem mmoja wa nyuma akaniambia, "Buda, umesahau nukta mbili mstari wa nne." Ukumbi ukacheka, nami nikacheka. Baadaye wengi wakanijia: "Hata mimi hunipata."

Hapo nikaelewa. Watu hawaji kumwona anayejua yote. Wanataka kusikia ulipokwama na ulivyojitoa. Basi wakiitisha mada, tuma yako. Usingoje uive.