Profesa Aliyekwenda Kujifunza Kijijini

Wanachuo wetu hutuuliza mara kwa mara: mwalimu wa Hisabati atapata wapi mifano, iwapo kitabu ni kimoja na watoto ni sitini? Sisi huwajibu kwa kuwasimulia habari za Muhammad Yunus, profesa wa uchumi wa Bangladesh.

Yeye alizaliwa mwaka 1940, akasomea shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani. Mwaka 1972 alirejea nyumbani, akawa mkuu wa idara ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong. Mwaka 1974 njaa iliikumba nchi. Profesa aliona kwamba nadharia alizoziandika ubaoni hazikuwa na jibu kwa waliokuwa wakifa nje. Jirani na chuo palikuwa na kijiji cha Jobra. Akaenda huko pamoja na wanafunzi wake, wanakijiji wakawa ndio walimu.

Mwaka 1976 alimkuta mama mmoja akisuka vigoda vya mianzi. Mianzi ya kigoda kimoja iligharimu taka 5, naye hakuwa nazo. Alikopa kwa mchuuzi, kwa sharti la kumwuzia yeye kigoda kwa bei aliyoipanga mchuuzi mwenyewe. Faida ya mama ilikuwa nusu taka. Profesa akaagiza iandikwe orodha ya wote waliofungwa na mikopo ya namna hiyo. Walikuwa 42, na jumla ya mahitaji yao ilikuwa taka 856, pungufu ya dola 27 za Marekani. Akawakopesha kutoka mfukoni mwake. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa Benki ya Grameen mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo walipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu kiasi ambacho mikopo midogo hupunguza umaskini. Sisi walimu inatuhusu zaidi ile orodha.

Mtoto wa darasa la tano aweza kugawanya 856 kwa 42, akapata taka 20 na kitu. Lakini kwa nini mtu afanyaye kazi kutwa akose taka 20? Hapo ndipo Hisabati inapogusa maisha.

Tulipokagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijijini, mwanachuo aliwapa watoto bei ya gunia la mahindi la debe 6, watafute bei ya debe moja. Mtoto mmoja akauliza kwa nini mnunuzi hujaza lumbesa ya debe 7, kisha humlipa baba yake bei ya gunia la debe 6. Darasa lilinyamaza. Mwanachuo hakumkemea, aliliandika swali ubaoni, na watoto wakakokotoa hasara ya magunia 10.

Basi, mwendapo mazoezini, tembeleeni kwanza soko na mashamba, mkaandike bei na vipimo. Msitaje darasani jina la mzazi mwenye deni, kwani mtoto wake huenda ameketi mbele yenu.