Kilo za Shangazi

Ufuta wetu wa Likawage siku hizi unauzwa mtandaoni. Unapimwa AMCOS, unapelekwa ghalani, wanunuzi wanashindana kwenye mnada wa TMX, na bei tunaijua siku hiyohiyo. Kwa mtu aliyewahi kupimiwa kwa kopo la kangomba, hilo si dogo.

Ila shamba analilima shangazi. Kupanda yeye, kupalilia yeye, kukata na kukung'uta yeye. Kwenye kumbukumbu za wakulima, jina ni la mumewe, namba ya simu ya mumewe, akaunti ya mumewe. Hela ikiingia, shangazi anasimuliwa tu.

"Mwanangu," aliniuliza, "hiyo kompyuta haioni mikono yangu?"

Haioni, shangazi. Inajua kile tu ilichoandikiwa. Msimu ujao twende ukaandikishwe kwa jina lako, hata iwe eka moja.