Seattle: Bahari Imerudi, Nani Amelipa?

Ndugu msomaji, ukibahatika kufika Seattle, mji wa bandari magharibi mwa Marekani, tembea kandokando ya Ghuba ya Elliott. Utasikia maji yakipiga gati. Tangu 1953 hadi 2019 sauti hiyo ilimezwa na ngurumo za magari, juu ya barabara ya zege ya ghorofa mbili iliyosimama kama ukuta baina ya mji na bahari.

Tetemeko la ardhi la Februari 2001 liliiharibu, na mabishano yakapamba moto: ijengwe nyingine ya juu, au lichimbwe handaki? Katika kura ya maoni ya 2007 wananchi walikataa yote mawili. Mwaka 2009 viongozi walichagua handaki; mashine ya kulichimba ikakwama ardhini takriban miaka miwili.

Leo mwenda kwa miguu amerudishiwa bahari yake. Lakini mfanyakazi aliyeitazama ghuba bure kutoka juu, akirejea nyumbani, sasa hulipa ushuru apite chini ya ardhi, ama avumilie taa za barabarani. Mji unapopambwa, msomaji, tuulize pia gharama imemwangukia nani.